Mbwa Hana Kosa

Katika vijiji vingi vya pwani waweza kuona mambo mawili katika ua mmoja, wala watu hawayaunganishi. Chini ya mwembe amelala mbwa aliyekonda. Zamani alikuwa hodari wa kufukuza nguruwe shambani. Siku hizi akikimbia hatua hamsini husimama, hukohoa, hutoa ulimi nje. Na barazani ameketi mzee mwenye mguu mmoja mnene kama gogo la mnazi, ngozi yake ngumu yenye mikunjo. Ukimwuliza mwenye nyumba habari za mbwa, atasema, "Ni uzee tu." Ukimwuliza habari za mguu wa mzee, pengine atatazama pembeni na kuanza habari za mvua.

Ndugu msomaji, huenda mambo hayo mawili yameletwa na mdudu mmoja, naye ni mbu. Tena huenda ndani ya mbwa yule na ndani ya mzee yule wanaishi minyoo walio ndugu, wembamba kama uzi, walioingia mwilini kwa njia moja. Wako watu wakisikia hivyo huruka upande wa pili, wakasema: "Kumbe mbwa ndiye aliyempa mzee ugonjwa! Basi na auawe." Hapana. Ngoja kwanza usikie habari zote, maana katika kesi hii mbwa hana kosa, na mwenye kosa huenda ni mtu mzima wa afya, ambaye hajui wala hadhani.

MNYOO WA MOYO

Tuanze na mbwa. Mnyoo wake huitwa mnyoo wa moyo, kwa sababu akikomaa hukaa upande wa kulia wa moyo na katika mishipa iendayo mapafuni. Jike lake hufikia urefu wa sentimita 25 hadi 30, yaani kama rula ya mtoto wa shule. Fikiri sasa moyo wa mbwa, ambao haukuzidi ngumi yako, kisha uweke ndani yake nyuzi kumi au ishirini za namna hiyo. Si ajabu mbwa akikohoa na kuchoka, na mwishowe tumbo likamjaa maji.

Mama mnyoo hazai mayai. Huzaa watoto wadogo mno wasioonekana kwa macho, nao huogelea katika damu ya mbwa. Watoto hawa hawawezi kukua humo. Ni lazima kwanza mbu amnyonye mbwa, wapite tumboni mwa mbu, wakae ndani yake kama wiki mbili wakibadilika, kisha wasogee mpaka mdomoni mwake. Hapo mbu akimwuma mbwa mwingine, huteremka juu ya ngozi na kuingia kwa tundu lile lile la mbu. Tangu siku hiyo hadi kuwa wakubwa moyoni hupita miezi sita au saba. Katika miezi hiyo mbwa acheza, ala, abweka, hana dalili hata moja.

Jambo hili la kutokuwa na dalili ulishike sana, msomaji, maana ndilo litakalotuvusha hadi kwa binadamu. Mwaka 2005 tufani liitwalo Katrina lilipoipiga kusini mwa Marekani, mbwa wengi sana waliachwa bila wenyewe. Watu wenye huruma waliwakusanya katika makao ya mbwa, kisha wakawasafirisha majimbo ya mbali wapate watu wa kuwatunza. Wengi wa mbwa hao walikuwa na mnyoo wa moyo damuni, nao kwa kuwatazama walikuwa mbwa wazuri tu. Hivyo mbwa walisafiri, na ugonjwa ukasafiri nao.

Kumponya mbwa aliyekwisha kujaa minyoo ni kazi ngumu. Sindano zake ni kali, na minyoo wakifa wote kwa pamoja huweza kuziba mishipa ya mapafu wakamwua mbwa uliyetaka kumponya. Lakini kumkinga ni rahisi: mbwa mzima hupewa dawa kidogo kila mwezi, na wale minyoo wachanga hufa kabla ya kufika moyoni. Dawa inayotumika sana ni ivermektini. Hapa nakuonya: usichukue dawa ya sindano ya ng'ombe ukamkadiria mbwa kwa macho, wala usithubutu kuinywa wewe mwenyewe. Kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa, na kipimo cha mbwa si cha mtu. Mwone Bwana Mifugo.

Umeona jinsi mambo yalivyo? Mbwa apewaye dawa ni yule mzima, na dawa hutolewa ili asiugue. Mwenye kumpenda mbwa wake haoni ajabu. Lakini ukimpelekea mwenye mbwa vidonge vyake yeye mwenyewe, atakuambia, "Mimi siumwi."

WATAFITI WALIPOKWENDA PATE

Sasa twende kwenye swali la kosa. Je, mbwa aweza kuwa ghala la minyoo ya binadamu? Msidhani ni swali la kijinga. Huko Malaya, bara Asia, waganga waligundua kwamba mnyoo mmoja wa matende hukaa katika watu na pia katika paka na nyani. Mahali kama hapo hata ukiwatibu watu wote, mnyoo ana nyumba nyingine ya kujificha.

Kwa hiyo katika miaka ya 1950 wataalamu walifika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, nchini Kenya, ambako watu wengi walikuwa na matende, wakapima damu ya watu na ya wanyama pia. Wakakuta jambo la kushangaza. Katika mbwa, paka na kanu (yule mnyama wa usiku mwenye madoa, mwizi wa kuku) walikuta minyoo midogo inayofanana sana na ile ya Malaya. Mwaka 1958 mabwana Buckley, Nelson na Heisch waliitangaza kuwa ni aina mpya, haijapata kuandikwa, wakaipa jina la kisiwa chenyewe: patei. Basi jina la Pate limo katika vitabu vya uganga vya dunia nzima kwa sababu ya mbwa na paka wake. Sijui kama watu wa Pate wanaona fahari!

Lakini habari yenyewe ilikuwa njema. Mnyoo wa Pate alikuwa ni wa wanyama. Matende ya watu wa pwani yetu yaletwa na mnyoo mwingine, aitwaye bankrofti, naye hana nyumba nyingine duniani ila mwili wa binadamu. Hakai kwa mbwa, hakai kwa paka, ng'ombe, kima wala popo. Ukimfukuza katika damu ya watu wa kijiji, hana pa kwenda.

Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Magonjwa mengi hatuwezi kuyamaliza kwa sababu yana wenyeji wengine porini. Hili laweza kumalizika. Katika Afrika kusini ya Sahara, Togo ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa kuwa imelishinda, mwaka 2017, na jirani zetu wa Malawi walithibitishwa mwaka 2020.

MTUMISHI WA BUSTANI NA MBU WAKE

Kabla ya kufika Mafia, nikueleze kidogo jinsi watu walivyojua kwamba ni mbu, maana hata hapo mbwa wamo.

Alikuwako daktari Mskochi, jina lake Patrick Manson, aliyefanya kazi katika bandari ya Amoy nchini China. Alikuwa akipasua mizoga ya mbwa wa mji ule na kuchungulia damu yao kwa hadubini, akajua sana habari za minyoo yao. Alijua pia kwamba watoto wa mnyoo wa binadamu hawakui katika damu. Akajiuliza: hutokaje humo? Mwaka 1877 akamchukua mtumishi wake wa bustani, Hin Lo, aliyekuwa na minyoo damuni, akamlaza usiku katika chumba chenye mbu. Asubuhi mbu walioshiba walikamatwa, wakapasuliwa siku baada ya siku, na Manson akaona kwa macho yake watoto wa mnyoo wakikua tumboni mwao. Huo ulikuwa mwanzo wa kujua kwamba mdudu aumaye aweza kuwa nyumba ya ugonjwa. Hata habari ya mbu na malaria ilifuata baadaye.

Manson alifika nusu ya njia. Alidhani mbu hufa majini, na watu hunywa minyoo pamoja na maji. Ikapita zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1900 ndipo ilipoonekana kwamba minyoo hutoka kwa mdomo wa mbu. Mwaka huo huo huko Italia mabwana Grassi na Noè walionyesha jambo hilo kwa mnyoo wa mbwa. Basi mbwa, badala ya kuwa mshitakiwa, alikuwa mwalimu.

Jambo jingine alilolichunguza Manson ni la ajabu: mchana watoto wa mnyoo hujificha mapafuni, na usiku hutoka kwenye damu ya ngozi, hasa kati ya saa nne na saa nane za usiku. Ni saa zile zile ambazo mbu wao hutoka kutafuta chakula. Ndiyo sababu zamani wapimaji wa matende walikuja vijijini usiku wa manane na taa, nao watu wakaogopa, wakisema ni wanyonya damu. Kumbe mpimaji wa mchana angeondoka na damu safi na kusema kijiji hakina ugonjwa.

MIAKA MINGI YA KIMYA

Mnyoo wa binadamu hakai moyoni. Hukaa katika vijia vyembamba vipitishavyo maji ya mwili na kuyarudisha katika damu, vile ambavyo mitoki na matezi ni vituo vyake. Jike lina urefu wa sentimita 8 hadi 10, nalo huweza kuishi miaka sita hata minane, likizaa watoto mamilioni. Vijia hupanuka na kulegea kidogo kidogo. Maji yasiyorudi hushuka mguuni, au mkononi, au katika ziwa la mama. Na kwa wanaume hujaa katika mfuko wa kokwa, ndiyo mabusha, wengine huita ngirimaji au mshipa.

Kuumwa na mbu mmoja hakuleti matende. Huhitaji kuumwa mara nyingi sana, miezi na miaka. Ndiyo maana mgeni wa siku tatu haambukizwi kwa kawaida, bali mwenyeji aliyezaliwa hapo huanza kupata minyoo tangu utotoni na kuvimba akiwa mtu mzima. Baba aliyevimba akiwa na miaka arobaini pengine aliumwa akiwa mchunga mbuzi. Basi wako watu wengi, kuliko wale waliovimba, ambao damu yao usiku imejaa watoto wa minyoo, nao hawana homa wala uvimbe. Ni kama wale mbwa wa Katrina. Mzee wa barazani mwenye mguu mnene mara nyingi damu yake haina tena watoto wa minyoo. Minyoo ilikwisha kufa, imeacha uharibifu. Mbu akimwuma hapati kitu. Lakini akimwuma kijana wake, mwenye nguvu za kuvuta nyavu, apata.

Kwa hiyo wale wanaomkimbia mzee na kukalia mkeka na kijana wamegeuza mambo.

MAFIA, MWAKA 2000

Pengine wewe msomaji wa bara hujafika Mafia. Ni kisiwa kilicho mbele ya midomo ya mto Rufiji. Mtu hupanda chombo Nyamisati, akashuka Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Kina minazi mingi. Bweni iko kaskazini, Utende kusini-mashariki, na ng'ambo yake visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Ni nchi ya joto, mvua, maji yaliyotuama na mbu. Tena pwani hiyo yote tangu zamani ilijulikana kwa matende na mabusha.

Serikali ya Tanzania ilipoanza kugawa dawa ili kuyatokomeza maradhi haya, ilianzia Mafia, mwaka 2000. Unguja na Pemba zilifuata mwaka 2001, na wilaya za bara zikaongezwa kidogo kidogo. Aliyeongoza mpango wa bara alikuwa Dakta Mwele Malecela, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha akaongoza idara ya magonjwa yaliyosahauliwa katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 2022.

Dawa zilikuwa mbili: albendazoli, ambayo wengi waijua kwa minyoo ya tumbo, na ile ile ivermektini ya mbwa wetu, ila kwa vidonge na kipimo cha binadamu. Ivermektini ilitoka katika udongo. Bwana Satoshi Ōmura wa Japani alikusanya vijidudu vya udongo, Bwana William Campbell na wenzake huko Marekani wakaona kwamba kimoja chao hutoa kitu kiuacho minyoo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwanza dawa ilikuwa ya mifugo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure kwa watu wenye usubi, na mwaka 1998 ahadi ikaongezwa kwa matende katika nchi zenye magonjwa yote mawili. Kwa hiyo mwanakijiji wa Mafia hakudaiwa senti.

Mgawa dawa alikuwa mtu wa kijiji hicho hicho. Hakuja na mizani, bali alikuja na ufito wenye alama; ukasimama kando yake, urefu wako ukaonyesha idadi ya vidonge. Watoto wadogo walio chini ya sentimita 90, mama wajawazito, mama waliojifungua wiki hiyo na wagonjwa mahututi hawakupewa. Wengine wote walitakiwa kumeza mbele ya mgawa dawa, mara moja kwa mwaka.

Tuseme mgawa dawa ni binti wa jirani, naye afika kwa mzee mmoja.

"Hodi, hodi! Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Huo ufito wa nini, waja kupima nyumba?"

"Nimeleta vidonge vya matende na mabusha, babu."

"Basi umekosea mlango. Mwenye mguu yuko kule kwenye mwembe. Mimi nalima, nakwea mnazi, nakwenda baharini."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, babu."

Mzee hucheka, tena pengine humeza, pengine huviweka chini ya mkeka binti akiondoka. Sababu za kuviweka chini ya mkeka ni nyingi. Wako wasemao mabusha huletwa na kunywa madafu mengi. Wengine husema ni baridi ya baharini, au ukali wa kazi, au kurogwa, au kuruka kitu kilichotegwa njiani. Mwenye kuamini hivyo haoni vidonge vitasaidia nini. Wengine wanaogopa kwamba dawa itolewayo bure, tena kwa wasioumwa, imekusudiwa kuwazuia wasizae. Si kweli. Ivermektini hiyo imemezwa na mamilioni ya watu wa Afrika tangu miaka ya 1980, na vijiji vyao vimejaa watoto.

Sababu moja yastahili kujibiwa kwa heshima. Mtu amemeza dawa akiwa mzima, na usiku akapata homa, kichwa kikamwuma, ngozi ikamwasha. Asubuhi alitangaza kijijini kwamba dawa ni sumu. Ukweli ni kinyume chake. Homa ile mara nyingi ni ya watoto wa minyoo wanaokufa kwa wingi damuni. Asiye na minyoo kwa kawaida hahisi kitu. Aliyepata homa ndiye hasa aliyehitaji dawa, naye alikuwa hajui. Hupita siku moja au mbili; ikizidi, aende zahanati.

Tena dawa haimwui mama mnyoo. Yaua watoto wake na kumfanya asizae kwa miezi mingi, kisha huanza tena. Ndiyo maana hutolewa mwaka baada ya mwaka, isiyopungua mitano, mpaka mama afe kwa uzee wake bila kuacha mrithi kwa mbu. Aliyemeza mwaka wa kwanza akaacha mwaka wa pili na wa tatu amempa mnyoo likizo tu.

Na yafaa tuseme bila kuficha kwamba mambo hayakwenda sawa kila mahali. Katika wilaya ya Rufiji, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Mafia, watafiti walikuta dalili kwamba ugonjwa uliendelea kuambukizwa hata baada ya kugawa dawa mara kumi na mbili. Unguja na Pemba ziligawa dawa kwa miaka sita, zikaacha, na baadaye ikaonekana mnyoo bado yupo. Ikabidi kuanza tena. Dawa haikubadilika. Katika makadirio ya wagawaji, vidonge vilivyotolewa huandikwa. Vidonge vilivyo chini ya mkeka haviandikwi. Wanaume vijana walio safarini, wavuvi walio dagoni, watu wa mjini wasiojuana na mgawaji, hao ndio huachwa nje mara kwa mara, na mbu hawaachi nje.

MAJI MACHAFU

Mbu wa matende ni wa namna mbili hasa. Yupo yule yule wa malaria, apendaye maji ya mvua na mabwawa. Na yupo mwingine, wa rangi ya kahawia, apendaye maji machafu: mashimo ya vyoo vyenye maji, makaro, mitaro iliyoziba. Huyu wa pili ndiye bwana wa miji ya pwani, naye huimba sikioni usiku kucha.

Kuna habari ya Makunduchi, Unguja, ambayo naipenda kwa sababu ni rahisi. Mwaka 1988 wataalamu walimwaga katika vyoo vya shimo vyenye maji punje nyeupe nyepesi, za namna ile inayotumika kufungia redio na televisheni zisivunjike. Punje zilielea juu ya maji, zikayafunika kabisa kama blanketi. Kiluwiluwi cha mbu hupumua kwa kutoa mrija wake juu ya maji. Hapo alikosa nafasi, akafa. Watu walipewa dawa pia. Mbu walipungua sana, na ugonjwa ukapungua ukakaa chini, hali katika kijiji kingine kilichopewa dawa peke yake ulianza kupanda tena. Punje zile zilidumu miaka.

Si kila mtu aweza kupata punje hizo. Lakini kila mtu aweza kufunika tundu la choo, kufukia dimbwi la nyuma ya jiko, kugeuza vifuu na makopo yasikusanye maji (humo huzaliwa mbu wengine wenye magonjwa mengine), na kulala chini ya chandarua. Chandarua cha malaria hufanya kazi ya matende bure, kwa maana mnyoo na mbu wake wamepatana saa ya usiku. Ukiweza, mfunge mbwa naye mahali pasipo na maji yaliyotuama karibu.

Msinielewe vibaya: mbu wa pwani hawatakwisha. Yuko mmoja wa mikokoni, ambaye wataalamu walimpa jina la Pemba, naye hutaga mayai yake katika makucha ya kaa! Nani atamfuata huko? Kazi yetu ni kumfanya mbu akituuma asikute kitu cha kubeba.

ALIYEKWISHA KUVIMBA

Mzee wa barazani vidonge havitamrudishia mguu wake wa ujana. Lakini si kweli kwamba hana la kufanyiwa, na hapa jamaa wengi wanakosa.

Kinachomtesa zaidi ni zile homa za mara kwa mara, mguu unapowaka moto na kuuma, akalala siku tano. Homa hizo huletwa na vijidudu viingiavyo katika mipasuko midogo ya ngozi, hasa kati ya vidole. Dawa yake ya kwanza ni sabuni ya kawaida na maji safi, kila siku. Mguu uoshwe polepole, kila mkunjo, kila nafasi ya kidole, usuuzwe, kisha ukaushwe kwa kitambaa laini bila kusugua. Panapo kidonda pawekwe dawa. Akikaa auinue mguu juu ya kigoda. Akilala auwekee mto. Achezeshe kifundo juu na chini. Avae viatu vipana. Mgonjwa atunzwaye hivyo homa zake hupungua sana, na kila homa iliyozuiwa ni unene uliozuiwa. Mjukuu wa miaka kumi aweza kujifunza kazi hii kwa siku moja, na mzee ambaye mguu wake huoshwa kila jioni huanza tena kukaa na watu.

Mabusha nayo hupasuliwa. Ni upasuaji mdogo, unaofanyika katika hospitali za wilaya, na mtu hurudi kazini baada ya wiki chache. Wanaume wengi wameficha mabusha kwa kanzu na kikoi miaka kumi, hawaendi barazani, hawachezi ngoma, wengine hawaoi, kwa aibu ya kumwonyesha mganga. Mke ndiye ajuaye. Mama, ukimwona bwana wako hivyo, usimcheke wala usinyamaze. Mwambie polepole, mkiwa wawili, kwamba wako waliopasuliwa na wamepona.

TONE LA DAMU YA MTOTO

Wilaya nyingi za Tanzania zimekwisha kuacha kugawa dawa za matende kwa sababu vipimo vilionyesha kwamba mnyoo amepungua mno. Wajuaje kama hatarudi? Hawapimi wazee, kwa maana mzee aweza kuwa na minyoo ya zamani. Hupima watoto wa miaka sita na saba, waliozaliwa baada ya dawa kuanza. Mtoto wa umri huo akionekana na mnyoo, ni ishara kwamba mbu bado wanaambukiza.

Siku hizi hakuna tena kuja usiku na taa. Wapimaji huja shuleni mchana, humchoma mtoto kidole kidogo, huweka tone la damu juu ya kijikaratasi, na baada ya dakika kumi husoma mstari. Wakija shuleni kwenu, mwalimu atatuma habari nyumbani kuomba ruhusa. Mtoto wa darasa la kwanza aogopaye sindano umwambie kwamba ni kama mwiba wa mchongoma, tena ampe mpimaji kidole cha pete, kisichouma sana.